Dakota Haiwashwi Hivyo

Mwone kwanza anavyokuja. Ni saa nne asubuhi, mwezi wa saba mwaka 1998, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Misunkumilo kuingia mjini Mpanda. Mzee mrefu, mwembamba, amevaa shati la kaki lililofuliwa hadi likawa na rangi ya chai ya maziwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Begani pana kipande kilichobaki na rangi yake ya zamani, pale ilipokuwa imeshonwa nembo ya kazi. Kila baada ya hatua chache anainua uso kutazama angani, halafu anaushusha. Hatafuti kitu. Ni shingo tu, ilishazoea.

Huyo ndiye Mzee Thadei Kasalama, na asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuiona Dakota.

Alipopita kando ya uwanja wa ndege alimkuta Nyanda, jirani yake, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi nyuma. Kama kawaida ng'ombe walikuwa wameshaingia uwanjani.

"Mzee Thadei! Na shati la serikali leo? Umerudishwa kazini, uje unifukuzie ng'ombe tena?"

"Sijarudishwa, ngosha. Nimeitwa kuangalia ndege."

Nyanda akageuka kuutazama uwanja. Majani makavu, mikia ya ng'ombe, basi. "Ndege gani? Iko wapi?"

"Iko ofisi ya wakimbizi."

"Ofisini? Imepitia mlango gani?"

"Wanasema iko ndani ya kompyuta."

Nyanda alicheka hadi akaiegemea fimbo yake. "Haya. Wakikosa pa kuitua, waambie uwanja nimeshawafyekea kwa meno ya ng'ombe. Bure kabisa, sidai hata soda!"

Mtu mwingine angecheka, au angalau angemtania na yeye. Thadei alisema, "Nitawaambia," akaendelea na safari. Na kweli alikuwa na nia ya kuwaambia.

Ndivyo alivyokuwa. Watu walimwita mpole, na kwa mbali upole na ganzi vinafanana. Msibani alikaa pale wanapokaa wanaume, harusini alitoa maneno yanayotakiwa kutolewa, shambani alipanda mihogo na kuivuna. Mwaka juzi alikanyaga mwiba akatembea nao kutwa nzima, mpaka binti yake Lucia alipoona damu kwenye kandambili. "Baba, hukuusikia?" Akajibu, "Nilisikia kuna kitu." Chakula kilikuwa chakula. Mvua ilikuwa mvua, ila alipenda awe ndani kabla haijaanza.

Ganzi hiyo ilikuwa na tarehe yake ya kuanzia, na Thadei aliijua. Hakuwahi kumwambia mtu. Acha niieleze sasa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini namba moja ndogo ilimtesa.

Aliingia kazi ya uwanja wa ndege mwaka 1962, kijana bado. Dakota, ndege ya abiria ya injini mbili, ilikuwa inakuja mara mbili kwa wiki, ikitoka Kigoma kwenda Tabora na kuendelea. Kazi ya Thadei na mwenzake Cletus ilikuwa kila kitu ambacho rubani hakifanyi: kufukuza mbuzi, kupima abiria kwenye mizani pamoja na mabegi yao, kuweka kabari za mti kwenye magurudumu, kusimama na mtungi wa kuzimia moto. Na kuzungusha pangaboi kwa mikono.

Hii ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Injini ya Dakota ni ya duara, silinda zimeizunguka pande zote, nyingine zinatazama juu na nyingine zinatazama ardhi. Ndege ikikaa imezima kwa muda, oili inateremka polepole na kulala kwenye silinda za chini. Ukija na haraka zako ukaiwasha, pistoni inashuka kwa nguvu inakutana na oili, na oili haibonyei. Kinachopinda ni chuma. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mtu anashika panga la pangaboi kwa mikono miwili, analisukuma hadi lipite, anashika linalofuata, na linalofuata. Thadei na Cletus walifundishwa kuhesabu kumi na mawili kwa kila injini. Panga likigoma njiani, unasimama hapo hapo na unamwita rubani. Ana spana. Anafungua plagi ya chini, oili inatoka, mnaanza upya.

Miaka kumi na miwili Thadei hakuacha kuzungusha hata mara moja. Watu wa mjini walijua sauti yake akihesabu.

Sasa mwezi wa tatu mwaka 1974. Mke wake, Sikujua, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili kabla, na damu haikukata. Nesi wa zahanati alisema hapa hatuna uwezo, apelekwe Tabora. Dakota ilikuwa imetua asubuhi, ila Tabora kulikuwa na mawingu, rubani akaambiwa asubiri. Ikakaa imezima saa nne nzima. Saa nane mchana habari zikaja kwamba Tabora kumefunguka. Sikujua alikuwa ameshalazwa ndani ya ndege, viti viwili vimekunjwa kwa ajili yake. Mtoto aliachwa kwa bibi yake.

Alikuwa amechoka sana lakini alitabasamu. "Siku zote unapandisha wake za watu," alimwambia mume wake. "Leo na mimi zamu yangu imefika."

Cletus hakuwepo. Alikuwa amekwenda Litapunga kumzika shemeji yake. Thadei akazungusha peke yake. Injini ya kushoto, kumi na mawili, akamaliza. Akahamia ya kulia. Upande wa Litapunga mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi, na rubani alikuwa anaitazama kupitia kioo. Panga la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tisa, likasimama.

Likasimama, au yeye alisimama. Hapo ndipo penyewe.

Rubani akatoa kichwa dirishani. "Thadei! Limegoma, au umechoka?"

Thadei akajibu, "Limegoma."

Rubani akateremka na spana. Kufungua, kusubiri, kufunga, kuzungusha upya: ilichukua kama dakika arobaini. Oili iliyotoka rubani aliikinga kwenye kiganja. Ilikuwa kama kijiko kimoja cha chakula. Aliitazama, akaimwaga, akafuta mkono kwenye suruali. "Umefanya vizuri," alisema.

Mvua ikafika kabla kabari hazijaondolewa. Uwanja wa udongo ukawa tope, na Dakota haikuruka mpaka kesho yake. Walimtoa Sikujua wakampeleka kwenye banda la abiria. Jioni hiyo, jua halijazama, akafariki. Walipomletea Thadei mtoto wake amshike, alikataa kwanza, akasema mikono ina oili. Aliinawa kwa sabuni, kisha kwa mchanga, kisha kwa sabuni tena.

Mtoto huyo ndiye Lucia. Alikua akijua kwamba mama yake aliuawa na mvua. Hayo ndiyo yaliyosemwa na kila mtu, na hayakuwa uongo.

Na Lucia ndiye aliyeanzisha safari ya siku hiyo. Alikuwa akipika chai na kufagia katika ofisi moja ya shirika la kusaidia wakimbizi, na humo kulikuwa na kijana aitwaye Sixte. Wazazi wa Sixte walikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni, akakulia Mishamo kwenye mahindi na maharage, akajifunza kompyuta kwa kuchungulia juu ya mabega ya wengine. Bosi wake, mzungu fundi wa visima aliyeitwa Henrik, alikuwa na mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Kwa miezi mingi, jioni baada ya kazi, Henrik alikuwa anaijenga Dakota ndani ya mchezo huo, kipande kwa kipande, ili iruke kama ilivyoruka ya kweli. Alipokwenda likizo kwao alimwachia Sixte karatasi ya maswali. Tafuta mtu aliyefanya kazi na ndege hii, alimwambia. Lucia aliyasikia hayo akimimina chai. "Baba yangu," alisema.

Basi Thadei akafika. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya jengo. Sixte alisimama akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana Mzee. Karibu kiti."

"Ahsante. Nyanda anasema uwanja ameufyeka."

Sixte akamtazama Lucia. Lucia akatikisa kichwa, maana yake achana nayo.

Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwepo. Mkia chini, pua juu, rangi ya bati, imeegeshwa juu ya ardhi nyekundu ambayo Sixte mwenyewe alikuwa ameipaka ifanane na ya Mpanda. Thadei aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Lucia alikuwa anamtazama yeye, akitumaini kuona kitu usoni. Hakuona.

"Mlango umekosewa," alisema Thadei. "Mpini unakaa upande huu. Na gurudumu la mkia haliwi safi hivyo."

"Naandika, Mzee." Sixte alifurahi. "Sasa subiri uisikie."

Akabonyeza. Thadei aliruka kutoka kitini, akamkamata Lucia mkono na kumvuta pembeni ya meza.

"Usisimame mbele ya pangaboi!"

Sixte alicheka, halafu alipoona mzee hachezi akanyamaza. Kwenye spika ndogo injini ya kulia ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Kisha ya kushoto. Lucia aliachiwa mkono, akabaki anausugua. Hakukumbuka lini mara ya mwisho baba yake alimshika kwa nguvu.

"Dakota haiwashwi hivyo," alisema Thadei.

"Nimekosea injini ya kuanza?"

"Injini ni hiyo, ya kulia kwanza. Lakini hujaizungusha. Imekaa tangu lini hii?"

"Tangu Ijumaa, Mzee. Ila humu ndani hakuna oili ya kweli."

"Basi siyo Dakota."

Sixte hakukasirika. Aliichukua karatasi ya maswali, na kwa saa nzima wakaenda moja baada ya jingine. Moshi ni wa rangi gani asubuhi ya baridi? Wa bluu, kisha mweupe. Kabari zinatolewa lini? Rubani akipunga vidole gumba nje. Sauti ya injini ikikaribia kushika? Thadei alifunga macho akaitoa kwa koo, na Sixte akaomba airudie. Mapanga mangapi? Kumi na mawili. Alijibu yote kama mtu anayesoma ukutani. Lucia alisahau chai jikoni.

Mwishoni Sixte akageuza karatasi. "Limebaki moja. Bwana Henrik anataka kuiweka hiyo oili ndani ya mchezo. Mchezaji akiwasha bila kuzungusha, injini iweze kuharibika. Lakini kompyuta haina akili, inabahatisha tu. Lazima tuiambie: Dakota iliyokaa saa tatu, nne, ikiwashwa mara kumi bila kuzungushwa, mara ngapi inaharibika?"

Thadei aliisogeza karatasi karibu, akaitazama.

"Mara ngapi kwa kumi, Mzee. Namba moja tu."

"Sijui."

"Kadiria."

"Hatukuwahi kuacha kuzungusha. Ningejuaje?"

"Nafasi hii haikubali kubaki tupu," Sixte alisema kwa upole. "Ukiandika kumi, asiyezungusha hapai kabisa. Ukiandika sifuri, kuzungusha ni kazi ya bure. Sasa hivi ina sifuri, kwa sababu hatujaweka kitu."

"Sifuri."

"Ndiyo. Angalia." Akaizima Dakota, akaiwasha tena bila kuzungusha, ikashika. Akaisukuma uwanjani, mkia ukainuka, ardhi nyekundu ikaachwa chini. Mbingu ya humo haikuwa na wingu hata moja. "Tunaelekea Tabora," alisema, akijivunia.

"Inachukua muda gani?"

"Ni kama saa moja, Mzee. Na dakika kidogo."

Thadei aliirudia ile saa moja kwa midomo bila sauti. Dakota ilikuwa inapungua kwenye kioo. Aliviangalia viganja vyake, akavikunja na kuvikunjua, kama mtu aliyelalia mkono anasubiri damu irudi.

Lucia alimsogelea. "Baba. Ulikuwa unazungusha kila mara?"

"Kila mara."

"Hata siku ya mama?"

Sixte aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma karatasi.

"Hata siku hiyo," alisema Thadei. Halafu akaeleza, kwa sauti ile ile aliyoitumia kueleza moshi na kabari. Cletus kwenda Litapunga. Injini ya kulia. Panga la tisa. Rubani, spana, kijiko cha oili, mvua. Hakuongeza wala kupunguza. Alipomaliza jenereta lilikuwa bado linanguruma na Dakota bado inakwenda.

"Nilijua ni mvua," alisema Lucia.

"Mvua ilikuwepo."

"Panga liligoma, Baba?"

"Nilimwambia rubani limegoma."

"Nimekusikia. Nakuuliza, liligoma?"

"Nilikuwa peke yangu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kulikuwa na kitu." Akatikisa kichwa. "Kijiko kimoja, Lucia. Kwa kijiko kimoja injini inaweza kupona. Inaweza kuvunjika pia, ndege iko juu ya msitu, na mama yako na wenzake wote ndani. Miaka ishirini na minne nalizungusha panga hilo na halipiti."

Katika ofisi ile Lucia hakuwahi kukaa kitini. Kazi yake ilikuwa ya kusimama. Akavuta kiti cha Bwana Henrik, akakaa ubavuni mwa baba yake.

"Mzee," Sixte alisema, karibu kwa kunong'ona, "tunaweza kuliruka hili swali. Nitamwambia Bwana Henrik hakupatikana mtu."

"Hapana," alisema Lucia. "Aandike." Akamgeukia baba yake. "Mimi nataka kuijua hiyo namba. Usiandike kubwa ili nisikulaumu. Na usiandike ndogo ili ujilaumu. Kama panga lilikuwa na haki ya kugoma, sema. Kama ni mikono yako, sema pia. Hata nikilia nitapika ugali jioni, na utakula."

Sixte aliisimamisha Dakota hewani, katikati ya Mpanda na Tabora, mapangaboi yake yameganda. Akafungua kidirisha cheupe kwenye kioo, chenye ile sifuri peke yake, na akamsogezea mzee kibodi. "Utabonyeza namba unayoitaka. Kisha hiki kikubwa cha pembeni."

Thadei alisogea. Alinyoosha kidole cha shahada, kile chenye ukucha uliopinda tangu mwaka 1968 alipobanwa na kabari, akakishusha taratibu juu ya safu ya namba. Kilipita juu ya moja, juu ya mbili. Kilifika katikati, kikasimama. Lucia aliona ngozi ya mkono wake imesisimka, vinyweleo vimesimama kama vya mtu aliyepigwa na baridi, na akasikia kwamba baba yake, chini chini, ameanza kuhesabu. Alihesabu kwa ile sauti ambayo watu wa Mpanda waliijua zamani, moja, mbili, tatu, kwa mwendo wa mtu anayesukuma kitu kizito. Alipofika nane akavuta pumzi, na mkono ukaanza kutetemeka.

Wewe uliyetembea naye tangu barabarani, ukamsikia rubani akimuuliza, na kile kijiko cha oili umekiona kwa macho yako: mara ngapi kwa kumi?